Hitma ya Alhamisi

Inspekta Dorkasi Shemweta alirudi kutoka Mkwaja na vumbi kwenye kola na jibu moja tu, nalo si la kumfurahisha mtu. Chumba ambacho mwandishi Shaame Ahmada hukipanga kila anapoandika riwaya hakijafunguliwa tangu mwaka jana. Mwenye nyumba aliapa, jirani akaapa, na utando wa buibui mlangoni haukuhitaji kuapa. Ilhali kule Makorora, mkewe Shaame alikuwa na simu yenye jumbe saba kutoka kwa mumewe, zote zikiimba wimbo mmoja: nipo Mkwaja, naandika, mtandao mbovu, usinipigie.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu mwongo alikuwa ameitembea zaidi ya mwezi mzima bila kujikwaa. Nani huyo? Hilo ndilo lililomkosesha Dorkasi hamu ya chai.

Mke mwenyewe, Tuhfa, alikuja kituoni wiki moja kabla. Mwanamke wa Kipemba, mwembamba, hana makuu. Alikaa kwenye kiti, akaitandaza simu yake juu ya meza, akasema maneno ambayo Dorkasi aliyaandika yote kama yalivyotoka.

"Sikuja kulia, afande. Nimekuja kuuliza. Mama yake mume wangu, Bi Tabia, yuko Wete anaumwa. Shaame hapiti siku mbili bila kumuulizia. Hapa pana jumbe saba, na hamna hata moja iliyomuulizia mama. Sasa kama mume wangu yu hai, namsubiri. Kama amekufa, mimi niko eda na sijui. Natoka, nacheka na watu, naenda sokoni. Niambie tu, mimi ni mke au ni mjane?"

Dorkasi ni Mlutheri wa Lushoto. Ilibidi amuulize Koplo Khadija maana yake. Khadija akamweleza kwamba mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hatoki ovyo, na siku hizo huanza kuhesabika tangu mume alipokata roho, si tangu mke alipopata habari. Tangu hapo swali la Tuhfa lilimkaa Dorkasi kooni kama mwiba wa samaki.

Jumanne asubuhi, tarehe kumi na nne Oktoba, akaenda kwa Mwalimu Anastazia.

Mwalimu Anastazia alikuwa mstaafu, Mkatoliki, binti wa mkata mkonge aliyetoka bara zamani akafia hukuhuku Tanga. Kila mwezi alikuwa akitoa karatasi moja iliyochapwa pande mbili, Karatasi ya Wasomaji, yenye habari za vitabu na shughuli zote za wapenda kusoma mjini: nani anazindua nini, wapi pana mashairi, duka gani limepokea mzigo mpya. Aliibandika mwenyewe kwenye milango ya maduka ya vitabu, kisha akaisambaza kwenye simu. Tanga hii, kitabu kisichotajwa na Mwalimu Anastazia ni kama hakijaandikwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Umempata Shaame?"

"Bado. Naomba kuiona karatasi ya mwezi huu."

Mwalimu akaileta na miwani yake pamoja. Dorkasi akapitisha kidole. Jumamosi tarehe nne, jioni ya mashairi. Jumapili tarehe kumi na mbili, mazungumzo ya vitabu vya watoto katika ukumbi wa kanisa. Jumamosi tarehe kumi na nane, kubadilishana vitabu. Jumamosi tarehe ishirini na tano, uzinduzi wa riwaya mpya ya Shaame Ahmada, mwandishi mwenyewe atakuwepo. Hapo Dorkasi alitazama pembeni kidogo, maana maneno mengine hayasomeki mara mbili.

Kisha kidole kikarudi juu. Alhamisi tarehe kumi na sita, saa kumi alasiri: hitma ya kuwarehemu waandishi wetu waliotangulia mbele ya haki, kwa Sele Mbaruku mchapaji, Pongwe. Wote mnakaribishwa. Chakula kitakuwepo.

"Shughuli zote ni za Jumamosi na Jumapili," alisema Dorkasi. "Hii ya Alhamisi imefuata nini?"

"Hata mimi niliuliza hivyohivyo. Nilimwambia, Sele, wasomaji wangu ni walimu, makarani, wauguzi. Alhamisi saa kumi atakuja nani? Isogeze Jumamosi, siku ya kubadilishana vitabu, watu tutakuwa wengi. Akakataa. Nikamwambia basi Ijumaa. Akakataa. Akasema haisogei."

"Kwa sababu gani?"

"Haisogei, basi. Na mimi nikastaajabu, maana Sele tunamjua. Mtu wa kesho na kesho kutwa. Kadi za harusi ya mpwa wangu alizitoa bibi harusi akiwa na mimba ya miezi minne. Leo Sele huyohuyo ananigombeza kwa ajili ya siku moja?"

"Tangazo alilileta lini?"

Mwalimu Anastazia akafungua daftari lake. Alikuwa mwalimu wa zamani. Kila kilichoingia mkononi mwake kilipewa tarehe. "Jumatano, tarehe kumi Septemba. Alikuwa wa kwanza kabisa. Nilifurahi, nikamwambia Mungu akubariki, umebadilika." Aliinua macho, na Dorkasi akaona furaha yenyewe ikimtoka usoni taratibu. "Mwanangu, mimi nimetangaza nini hapa?"

"Sijui bado, Mwalimu. Usimwambie mtu kwamba nimeuliza."

"Na watu watakwenda. Nimewaalika mimi."

Dorkasi akakunja karatasi, akaaga. Mwalimu hakumsindikiza hadi njiani kama ilivyo desturi yake.

Ofisini, Koplo Khadija alikuwa akila muhogo wa kukaanga huku akisoma maelezo ya Zebedayo. Huyu Zebedayo alikuwa muuza vitabu aliyegombana na Shaame hadharani mwezi Agosti, akasema mbele ya watu kumi kwamba atamfunza adabu. Wakubwa walishamtamani. Mtu aliyetoa kitisho mchana kweupe ni kesi ya bure, haina jasho. Dorkasi naye alimshuku wiki nzima, na bado hakuwa amemwondoa kabisa.

"Khadija, hitma inaweza kusomwa siku yoyote?"

"Yoyote ile. Hata leo, ukinipa wali."

"Na ipi haisogei?"

Khadija akaacha kutafuna. "Ya arubaini, afande. Siku ya arubaini ya maiti. Ingawa siku hizi na hiyo watu wanaisogeza hadi Jumapili ili jamaa wasafiri. Asiyesogeza ni mwenye hofu ya Mungu sana." Akafikiri kidogo. "Au mwenye hofu nyingine."

Dorkasi akashusha kalenda ukutani, akailaza mezani. Akaweka kalamu kwenye Alhamisi tarehe kumi na sita, akarudi nyuma siku moja moja kwa sauti, Khadija akimfuata kwa vidole. Walipofika arubaini, kalamu ilikuwa juu ya Jumapili, tarehe saba Septemba.

Wakatazamana. Shaame Ahmada aliondoka kwake Makorora Jumamosi, tarehe sita Septemba, baada ya alasiri. Alimwambia mkewe anapitia Pongwe kwa Sele, na asubuhi yake ataelekea Mkwaja. Tangazo la hitma lilipelekwa siku nne baadaye. Siku nne! Mjini hapakuwa na mtu aliyejua kama Shaame kapotea, lakini kuna mtu alishamhesabia arubaini yake.

"Tumemshika," alisema Khadija.

"Hatujamshika." Dorkasi akavuta faili. "Sele alisema Shaame alifika kwake Jumamosi, akatazama kurasa za majaribio za riwaya itakayozinduliwa, akaondoka jua halijazama. Na Jumapili tangu alfajiri Sele alikuwa Muheza kwenye maonyesho ya vitabu, akalala hukohuko. Nina mashahidi wanane, na mmoja ni padri. Kama Shaame alikufa Jumapili, Sele hakuwepo. Aliyekuwepo mjini Jumapili ni Zebedayo."

"Zebedayo anasali na wewe, afande. Arubaini ya nini tena?"

"Ndiyo maana nasema sijaelewa."

Khadija akafuta mafuta vidoleni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akamtazama mkubwa wake kwa huruma. "Afande, wewe unahesabu siku ya serikali, inayoanza usiku wa manane. Sisi siku inaanza jua likizama. Mtu akifa Jumamosi baada ya magharibi, huyo kwetu kafa Jumapili. Hata babu yangu ilikuwa hivyohivyo. Alifariki watu wanatoka msikitini kuswali magharibi ya Jumatatu, arubaini yake ikahesabiwa kuanzia Jumanne."

Dorkasi akakaa chini. Kumbe ile Jumapili yote ya Muheza, na mashahidi wake wanane, padri akiwemo, ilikuwa ngao ya siku ambayo haikuhitaji ngao. Shaame alifika Pongwe alasiri ya Jumamosi. Magharibi ilimkuta hapohapo. Aliyeandika tangazo lile alijua siku aliyokufa Shaame, na zaidi ya hapo alijua kwamba jua lilikuwa limeshazama.

"Tangazo, daftari, kalenda," alisema Khadija kwa sauti ya chini. "Na bado hatuna maiti."

Ni kweli hawakuwa nayo. Na hakimu hapokei kalenda.

Jumatano asubuhi wakaenda Pongwe. Kiwanda cha Sele kilikuwa banda refu la mabati kando ya barabara kuu, mashine mbili ndani, harufu ya wino mpaka kwenye meno. Mbele ya banda palikuwa na uwanja mpana, mtupu, wenye kivuli cha mwarobaini. Lakini turubai la hitma halikufungwa hapo. Lilifungwa uani, nyuma ya stoo ya karatasi, kwenye kichochoro kisichopata upepo, na mikeka ilikuwa imeshatandikwa ikapandiana kwa kukosa nafasi. Dorkasi aliitazama mikeka ile. Akilini aliviona vichwa vya wasomaji wote wa Mwalimu Anastazia vimeinama pale, wamekaa, wamekunja miguu.

Sele Mbaruku alitoka akifuta mikono. Mtu wa makamo, mpole, ndevu zimechanwa vizuri. Alikuwa amekonda kuliko picha yake.

"Karibuni, maafande. Habari za kazi?"

"Nzuri. Pole na maandalizi," alisema Dorkasi. "Mbona umewabana wageni huku nyuma, na mbele pana uwanja?"

"Mbele vumbi la malori, afande. Watu wanasoma Qurani, si vizuri."

Jibu halikuwa baya. Dorkasi akaitikia kwa kichwa. "Na mbona Alhamisi?"

"Usiku wa kuamkia Ijumaa ni mtukufu. Dua inapokelewa."

Na hilo pia halikuwa baya. Mashine moja ilikuwa ikinguruma ndani ya banda, kisha fundi akaizima, na uani pakawa kimya.

"Bwana Sele, nimekuja na habari mbaya kidogo," alisema Dorkasi. "Shaame Ahmada hajaonekana Mkwaja, na hapa kwako ndipo alipoonekana mwisho. Kesho nafunga eneo hili kwa upekuzi, tangu asubuhi mpaka jioni. Haingii mtu. Hitma yako nimeiruhusu Ijumaa. Ukitaka Jumamosi, Jumamosi."

"Kesho haiwezekani."

"Mbuzi hajachinjwa, nimemuona kafungwa pale. Mchele hauozi. Mwalimu Anastazia nitampigia mimi, atawapa watu habari kwenye simu. Ni siku moja tu."

"Pekueni leo, afande. Pekueni sasa hivi."

"Sina watu leo."

"Basi pekueni kesho asubuhi, alasiri mniachie. Saa moja tu. Nusu saa."

"Haitawezekana. Ijumaa."

Sele akalamba midomo. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji, na alikuwa kivulini. "Nitakwenda kusomea pengine. Msikitini."

"Wewe kesho utakuwa kituoni unaandika maelezo. Siku nzima." Dorkasi alisema hivyo kwa upole kabisa, kama daktari anayesogeza sindano. "Kwani waandishi waliotangulia wana haraka gani? Wengine wamekufa tangu enzi ya Mjerumani. Wangesubiri Ijumaa."

Macho ya Sele yaliteleza, yakaenda kwenye mkeka wa tatu kutoka ukutani, yakarudi haraka. Dorkasi akaona. Khadija naye akaona, akasogea hatua mbili, akasimama kati ya Sele na mlango wa uani.

"Nitie pingu," alisema Sele. Sauti ilikuwa imeshuka hata ikawa shida kuisikia. "Nitie pingu, nipeleke unapotaka, niozee huko. Lakini Alhamisi isipite hivihivi. Nakuomba, dada yangu. Mtu ana haki yake."

"Mtu gani?"

Sele akautazama tena mkeka ule.

"Ni arubaini ya nani, Bwana Sele?"

Mchapaji akakaa chini palepale juu ya mkeka. Mwanzo alitikisa kichwa, akatikisa tena. Kisha yakaanza kumtoka, bila mpangilio, na Dorkasi hakumkatiza hata mara moja.

Vitabu vitatu vya Shaame alivichapa yeye, alisema. Alivichapa watu wakimcheka Shaame kwamba anaandika habari za Wapemba zisizo na mnunuzi. Jumamosi ile Shaame akaja kumwambia kwamba cha nne, anachokwenda kukiandika Mkwaja, anakipeleka Dar es Salaam, kwa wachapishaji wakubwa, kwa sababu Sele anachelewesha. Kila siku anachelewesha. Wakagombana mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na wote wawili wakaacha kuswali kwa hasira. Baada ya hapo ndipo alipomsukuma. Mara moja tu. Shaame akaanguka kisogo kwenye ukingo wa mashine ya kukatia karatasi.

"Hakusema hata neno," alisema Sele. "Nilimwita. Nilimwita sana."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimwosha mwenyewe. Sanda nilimkatia bafta ninayojalidia vitabu, sikuwa na nyingine. Nikamwelekeza kibla. Nikamswalia peke yangu." Alipitisha kiganja juu ya mkeka kama anayelainisha shuka la mtoto. "Maiti ya Kiislamu haiswaliwi na muuaji wake peke yake, afande. Nilitaka aombewe na watu. Watu wengi, wenye mapenzi naye. Nilitaka mara moja tu wakae hapa wamwombee, hata kama hawajui."

"Na simu yake?"

"Niliiwasha nikaandika kila nilipomfikiria Tuhfa. Nilitaka asihangaike."

Hapo ndipo Dorkasi alipoghadhibika, hasira ya kweli iliyompandia mpaka masikioni. Maskini huyu alikuwa na huruma na kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa na haki ya kujua. Akamwonyesha Khadija pingu kwa kidole. Kisha akatoka mbele, kwenye uwanja ule mtupu, akapiga simu ya kuita daktari na watu wenye majembe.

Saa nane mchana alikuwa Makorora. Alimkuta Tuhfa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Alipomwona Dorkasi amevua kofia na kuishika mkononi, aliuweka ungo chini.

"Hodi," alisema Dorkasi, ingawa alishafika.

"Karibu. Nambie."

Dorkasi alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yote yakamkimbia. "Ni mjane, Bi Tuhfa. Pole sana."

Tuhfa hakupiga kelele. Aliuliza ni nani, akaambiwa. Akauliza ni wapi, akaambiwa, pamoja na habari ya hitma ambayo Sele aliwaalikia wasomaji. Akauliza kama alioshwa, na Dorkasi akamwambia ndiyo, alioshwa, akakafiniwa, akaelekezwa kibla. Tuhfa akafunga macho kidogo kwa hilo.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Jumamosi, magharibi imeshaingia."

"Basi ni Jumapili." Vidole vyake vilianza kutembea, kidole gumba kikigusa pingili moja baada ya nyingine. Dorkasi akamwachia. Zilipomalizika pingili za mkono mmoja alianza za mwingine, kisha akarudia, mpaka akasimama. "Leo siku ya thelathini na tisa. Kesho arubaini yake."

"Ndiyo."

"Siku zote hizo nilikuwa namwandikia kwenye simu. Namwambia bei ya samaki. Namwambia njoo, nyumba imepooza." Alivuta pumzi, ikamkatikia njiani. "Tanga nzima hii, afande, na Pemba nzima, mtu aliyekuwa akimhesabia mume wangu siku zake ni mmoja tu. Naye ndiye aliyemuua."

Dorkasi akamshika bega. Tuhfa akauacha mkono ule ukae kwa muda. Kisha akaanza kuvua bangili zake, moja moja, akiziweka ndani ya ungo juu ya mchele ambao haujachambuliwa.

"Kesho watu watakuja hapa," alisema. "Waambie wale wasomaji wa Mwalimu waje hapa. Na jina la mume wangu nitalitaja mimi."